MTOTO BAINA YA KADHI NA UHAMIAJI
Mazungumzo kwa Masheha, Waandikishaji wa Ndoa na Vizazi, na Wananchi wenye jamaa Tanga, Moa, Jasini na Vanga



Wananchi wengi huyaweka mambo ya ndoa upande mmoja na mambo ya uhamiaji upande mwingine. Ndoa ni ya walii, kadhi na wazee; uhamiaji ni wa pasipoti na kituo cha mpakani. Mazungumzo haya yanakusudia kueleza kwamba kwa mtoto aliyezaliwa na wazazi wa pande mbili za mpaka wa kaskazini, pande hizo mbili hukutana, na hukutana juu ya kichwa chake yeye. Mara nyingi uraia wa mtoto huyo huamuliwa siku ya nikaha ya wazazi wake, au siku aliyozaliwa, au siku ya talaka. Siku anapofika mbele ya Ofisa Uhamiaji, ofisa husoma tu yale yaliyokwisha kuandikwa, au hukuta kwamba hayakuandikwa.

Mpaka wenyewe si wa kale. Mapatano ya Uingereza na Ujerumani ya mwaka 1886 yaliutambua ukanda wa maili kumi wa pwani kuwa milki ya Sultani wa Zanzibar, na papo hapo yakachora mstari kutoka mdomo wa Mto Umba kuelekea Ziwa Victoria ili kugawa bara baina ya mataifa hayo mawili. Mwaka 1890 Ujerumani ilinunua haki za Sultani katika pwani ya Tanga na kusini yake. Ukanda wa Mombasa ulibaki kuwa wa Sultani kwa jina hadi mwaka 1963. Kwa hiyo Mpemba aliyetweka tanga kwenda Vanga katika mwaka 1950 hakujihesabu kuwa amehama dola. Alikwenda dago kwa msimu, na pengine akaoa huko. Jasini na Vanga ni mwendo wa miguu. Jamaa walipeana mke na mume, na Kadhi aliyehukumu upande huu alieleweka upande ule. Sheikh Ali bin Hemed el-Buhry, aliyekuwa Kadhi wa Tanga, aliandika kwa Kiswahili kitabu chake juu ya nikaha, na msomaji wa Wete au wa Mombasa hakuhitaji kufasiriwa.

Yaliyobadilika ni ya serikali, na yalibadilika kwa muda mfupi sana. Tanganyika ilipata uhuru tarehe 9 Disemba 1961, Zanzibar tarehe 10 Disemba 1963, Kenya siku mbili baadaye, na Muungano ukaja tarehe 26 Aprili 1964. Kila moja ya tarehe hizo ilileta sheria ya nani ni raia na nani si raia. Ndoa hazikungoja tarehe hizo, wala watoto.

Inafaa hapa ieleweke jambo ambalo hata baadhi ya watumishi hulichanganya. Kwa mujibu wa Katiba ya Jamhuri ya Muungano, uraia na uhamiaji ni mambo ya Muungano. Ndoa, talaka, ulezi wa watoto na uandikishaji wa vizazi si mambo ya Muungano. Hapa Zanzibar ulezi husikilizwa katika Mahkama ya Kadhi, chini ya sheria yake ya mwaka 2017, na pia iko Sheria ya Mtoto ya Zanzibar ya mwaka 2011. Tanga hutumika Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 na Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, na kesi hupelekwa katika mahkama za kawaida. Kadhi wa Bara hana mamlaka ya kimahkama ya dola. Vanga ni Kenya, ambako Mahkama za Kadhi zimo ndani ya Katiba ya nchi, na juu yake kuna sheria yao ya watoto ya mwaka 2022. Hivyo, kutoka Wete hadi Tanga hadi Vanga, safari ambayo baharia huimaliza kwa siku chache, sheria ya familia hubadilika mara mbili, na sheria ya uraia mara moja.

Na atazamwe mvuvi mmoja wa kubuni kutoka Kojani. Amekwenda dago Moa, wilaya ya Mkinga, na huko akamposa binti wa Vanga. Nikaha imefungwa kwa walii na mashahidi wawili, mbele ya mwalimu wa chuo. Mahari imetolewa. Hapana shaka ndoa hiyo imesihi. Haikuandikishwa popote, kwa kuwa mwalimu hakuwa na daftari na hakuna aliyemwuliza. Mke amepata mimba, na kwa desturi ya mwambao, mimba ya kwanza mwanamke hurudi kwao akajifungulie kwa mama yake. Mtoto wa kwanza amezaliwa Vanga. Wa pili amezaliwa Moa, kwa kuwa safari hiyo bibi mzaa mama alikuja mwenyewe.

Watoto hao ni wa baba mmoja na tumbo moja, lakini mbele ya sheria hawako sawa. Mtoto wa pili, aliyezaliwa katika ardhi ya Tanzania na baba raia, ni raia wa kuzaliwa kwa Sheria ya Uraia, namba 6 ya mwaka 1995. Mtoto wa kwanza, aliyezaliwa nje na baba raia, ni raia wa kurithi. Wengi hudhani tofauti hiyo ni ya maneno tu. Siyo. Raia wa kurithi hawezi kumrithisha uraia huo mtoto wake mwenyewe iwapo mtoto huyo naye atazaliwa nje. Kwa hiyo kama mtoto wa kwanza atakua, naye akaenda dago Shimoni au Mtwapa kama babu zake, akaoa huko na kuzaa huko, mjukuu wa mvuvi wa Kojani hatakuwa Mtanzania kwa nasaba ya baba yake. Desturi njema ya kujifungulia kwa mama, ambayo hakuna mwenye akili atakayeilaumu, inaweza kuamua jambo la kizazi cha tatu bila ya mtu yeyote kukusudia.

Upande wa Kenya nao una historia yake. Kwa Katiba yao ya zamani, mtoto aliyezaliwa nje ya Kenya alipata uraia kwa baba, siyo kwa mama. Mtoto wa pili wa mvuvi, aliyezaliwa Moa, hakuwa na chochote kwa mama yake wa Vanga. Katiba ya Kenya iliyoanza kutumika tarehe 27 Agosti 2010 iliondoa tofauti hiyo: mtoto wa mama au wa baba Mkenya ni raia, popote alipozaliwa, na kanuni hiyo iliwafikia hata waliozaliwa kabla ya tarehe hiyo. Watoto wengi wa mwambao walijikuta wamekuwa raia wa nchi mbili pasipo wao kuomba. Jambo hilo litarejewa, kwa sababu lina hatari yake.

Sasa irejewe nikaha isiyoandikishwa. Ndoa haibatiliki kwa kukosa cheti. Sharia ya dini haisemi hivyo, wala Sheria ya Ndoa ya 1971 haisemi hivyo. Lakini kusihi kwa ndoa na kuthibitika kwa ndoa ni mambo mawili mbalimbali. Anayedai uraia wa kurithi anatakiwa aoneshe kwamba mtu fulani, ambaye ni raia, ndiye mzazi wake. Sheria nyingi za uraia zilizoandikwa wakati wa uhuru katika nchi zilizotawaliwa na Uingereza zilimhesabu mtoto kwa baba yake iwapo tu wazazi walikuwa katika ndoa. Aliyezaliwa nje ya ndoa alihesabiwa kwa mama. Katika hali kama hiyo cheti cha ndoa si karatasi ya wazazi peke yao, bali ni ushahidi wa nasaba ya mtoto, na kwa nasaba hiyo, wa uraia wake. Mvuvi akizama baharini, na mwalimu aliyefunga nikaha akafa, na mashahidi wakahamia Lamu, mtoto hubaki na neno la mama yake. Neno la mama ni zito mbele ya Mungu. Dirishani pa Uhamiaji huulizwa maandishi.

Mama naye ana jambo lake, na ni jambo ambalo halijafahamika vya kutosha visiwani. Mwanamke mgeni aliyeolewa na raia wa Tanzania ana haki ya kuomba uraia wa tajinisi kwa ndoa yake, na sheria imesema aombe wakati wa uhai wa mumewe. Wengi hawaombi. Huishi Pemba miaka ishirini, wakalima mpunga, wakasomesha watoto, wakahudhuria kila mkutano wa shehia, na mtu yeyote akiulizwa atasema huyu ni mtu wa hapa. Mume akifariki, mlango ule umefungwa. Akimpa talaka, ndoa aliyoitegemea kuishi nchini imekwisha. Mwanamke huyo anaweza kuwa na watoto watano raia, na yeye mwenyewe akawa mgeni asiye na kibali katika nyumba aliyoijenga kwa mikono yake. Eda yake ya miezi minne na siku kumi inahesabiwa na wazee. Hakuna anayemhesabia siku za ukaazi wake.

Mwanamume mgeni aliyemwoa mwanamke wa Tanga au wa Pemba hakupewa na Sheria ya 1995 njia hiyo ya ndoa. Yeye huomba tajinisi kama mgeni mwingine yeyote, kwa masharti ya jumla ya miaka ya ukaazi, na kabla ya hapo sharti awe na kibali cha kuishi nchini. Kenya kwa Katiba yake ya 2010 imeweka masharti ya aina moja kwa mume na kwa mke, baada ya miaka saba ya ndoa. Watunga sheria wanayajua haya na yamekwisha kusemwa mahali pengi; hapa yanatajwa ili mwenye binti anayeposwa na mtu wa ng’ambo aulize mapema. Baba asiye na kibali anaweza kuondoshwa nchini, nao watoto wake, walio raia, hawaondoshwi. Hubaki bila ya mlezi wao wa kisheria, na mama hubaki na matumizi yote.

Linalofuata ndilo zito kuliko yote, nalo ni talaka yenye watoto wadogo. Katika madhehebu ya Imamu Shafi, yanayofuatwa na wengi wa mwambao, hadhana ya mtoto mchanga ni ya mama hadi mtoto afikie umri wa kupambanua, ambao hukadiriwa miaka saba. Baada ya hapo mtoto huhiyarishwa baina ya wazazi wake. Mama akiolewa na mtu wa kando, hadhana yake huweza kuondoka. Wakati wote huo uwalii na matumizi ni juu ya baba. Sheria ya Ndoa ya 1971 nayo, pamoja na kuweka mbele maslahi ya mtoto, imekisia kuwa mtoto aliye chini ya miaka saba anafaa kukaa na mama yake, mpaka ithibitishwe vinginevyo. Umri wa miaka saba, basi, unatajwa na pande zote mbili.

Kwa sababu hiyo watoto wengi huvuka bahari wakiwa na umri huo. Baba wa Kojani huja Vanga, au humtuma ndugu yake, akamchukua mtoto kwa maelewano ya wazee, akampandisha mashua ya samaki katika bandari bubu, na alfajiri mtoto yuko Pemba. Kwa dini, huenda hapana kosa ikiwa haki ya mama haikuvunjwa. Kwa uhamiaji, mtoto ametoka nchi moja na kuingia nyingine bila ya kuonekana. Hana hati ya safari, hana muhuri wa kuingia, na mara nyingi hana hata cheti cha kuzaliwa, kwa kuwa alizaliwa nyumbani Vanga. Huandikwa skuli kwa jina la baba. Pengine mjomba mwenye huruma humwandikishia kizazi Pemba, kana kwamba alizaliwa Wete, ili asome. Huruma hiyo ndiyo inayomdhuru zaidi, maana siku itakapotokea hati mbili za mtoto mmoja zenye mahali pawili pa kuzaliwa, hakuna ofisa atakayeiamini hata ile ya kweli. Masheha wanaombwa sana wasitie saini barua ya kuthibitisha kizazi wasichokijua.

Na kama mama hakuridhia? Hapo mambo huwa magumu mno. Amri ya Kadhi wa Kwale au wa Mombasa haivuki bahari kwa nguvu zake yenyewe ikamfunga mtu wa Chake Chake, wala ya Chake Chake haimfungi mtu wa Vanga. Mama hutakiwa aje kufungua shauri mahali alipo mtoto. Na ili aje, anahitaji pasipoti, nauli na mahali pa kufikia. Mama wa Vanga asiye na pasipoti hawezi kumdai mtoto wake Pemba, hata kama haki yote iko kwake. Hapa ndipo sheria ya uhamiaji inapoifunga sheria ya familia mdomo. Soko la Pamoja la Afrika Mashariki lililoanza mwezi wa Julai 2010 limerahisisha safari za raia wa nchi wanachama, nalo limetaja haki ya mfanyakazi kufuatwa na mwenzi wake na watoto wake. Lakini mwenye kufaidika nalo ni yule mwenye hati ya uraia mkononi. Kituo cha Horohoro na Lunga Lunga hakimzuii mwenye karatasi.

Wako pia watoto ambao wazazi wao wote wawili hawakuwa raia. Mashamba ya mkonge ya Tanga yalivuta watu kutoka Burundi, Rwanda, Msumbiji na kwingineko. Katika utekelezaji wa sheria, kuzaliwa nchini peke yake hakukuhesabiwa kuwa kunatosha. Uraia wa mzazi huulizwa. Mfano wenye matumaini uko Chogo, wilaya ya Handeni. Huko waliwekwa watu wa asili ya Kizigua ambao mababu zao walichukuliwa utumwani hadi bonde la Mto Juba, Somalia, katika karne ya 19, na ambao vita vilivyoanza mwaka 1991 viliwarudisha kwa mashua katika pwani ile ile. Wazee wao bado walisema Kizigua. Serikali ya Muungano iliwapa wengi wao uraia wa tajinisi. Lakini tajinisi ya mzazi na ya mtoto mdogo ni maombi ambayo lazima yaangaliwe pamoja: sheria imempa Waziri uwezo wa kumpa uraia mtoto mdogo wa raia kwa maombi ya mzazi au mlezi. Mlezi asiyejulikana kisheria, kama shangazi aliyemlea yatima bila ya amri ya mahkama, hapati njia rahisi ya kumwombea.

Kwa watu wa Pemba, mfano ulio karibu zaidi ni wa jamaa zao walioko Kenya. Familia za Kipemba zimeishi Kwale, Mombasa, Kilifi na Lamu kwa vizazi, nyingine tangu kabla ya mwaka 1963. Watoto wao walisoma kwa shida, hawakuweza kusajili laini ya simu kwa jina lao wala kupata leseni ya uvuvi, kwa kukosa kipande. Tanzania haikuwa na maandishi yao. Kenya iliwahesabu kuwa Watanzania. Sheria ya Uraia na Uhamiaji ya Kenya ya mwaka 2011 ilifungua njia ya kuwaandikisha wasio na nchi waliokuwako tangu uhuru, pamoja na vizazi vyao. Wamakonde wa Kwale walitambuliwa kwanza, na kuanzia mwaka 2017 wakapewa vipande. Wapemba walitambuliwa rasmi mwaka 2023. Ni habari ya furaha, na ilipokewa visiwani kwa furaha.

Lakini kwa wale ambao mzazi mmoja yuko Pemba, furaha hiyo ina jambo la kuangaliwa. Kenya inaruhusu uraia wa nchi mbili. Tanzania hairuhusu kwa mtu mzima. Mtoto huweza kuwa na nchi mbili hadi afikie miaka 18. Baada ya hapo, asipoukana uraia wa pili na kula kiapo ndani ya muda uliowekwa na sheria, ule wa Tanzania humtoka. Sheria haimwandikii barua kumkumbusha. Kijana wa Wete aliyezaliwa Vanga na mama Mkenya, akasoma Pemba maisha yake yote, anaweza kuvuka mwaka huo akiwa baharini anavua, na akaja kuambiwa akiwa na miaka 25, siku anapotafuta ajira ya Serikali, kwamba si Mtanzania tena. Kitambulisho cha Mzanzibari Mkaazi hakimkingi, kwa sababu hicho ni cha ukaazi na chenyewe husimama juu ya uraia.

Kwa hiyo wenye ndoa za pande mbili wanaombwa, ndoa ikishafungwa, waiandikishe, na kama ilifungwa zamani bila ya cheti, waiendee mahkama iithibitishe wakati mashahidi bado wako hai. Kizazi kiandikishwe katika nchi alimozaliwa mtoto, kwa jina moja la baba na kwa tahajia moja. Wanaoachana wachukue amri ya ulezi iliyoandikwa kabla mtoto hajavushwa, na mzazi anayebaki atoe ridhaa yake kwa maandishi. Mke mgeni aombe tajinisi mume angali hai. Na kila mzazi mwenye mtoto wa pande mbili aliyefikia miaka 17 afike Afisi ya Uhamiaji ya wilaya yake pamoja na kijana huyo, na vyeti vya kuzaliwa vya wote watatu.